Kivukoni na Kibaoni: Historia ya Bandari Isiyo na Mnara katika Bonde la Kilombero

1. Utangulizi



Historia ya bandari katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuitazama pwani. Tunayo maandishi mengi kuhusu Kilwa, Mombasa, Lamu, Unguja na Bagamoyo, na wanafunzi wetu huweza kueleza bila taabu namna pepo za kaskazi na kusi zilivyoyaleta majahazi na kuyarejesha yalikotoka. Bandari za maziwa nazo zimepata waandishi wake, hususan Ujiji, Kigoma, Mwanza na Kisumu. Hata hivyo, ipo aina ya tatu ya bandari ambayo haijapewa nafasi ya kutosha katika taaluma yetu. Hizi ni bandari za mito na mabonde ya bara, mahali ambapo hapakujengwa mnara wa kuongoza vyombo, lakini ambapo watu, mpunga, samaki, askari, wagonjwa na barua vimevushwa maji kwa vizazi vingi.

Mhadhara huu unahusu bandari moja ya aina hiyo, yaani kivuko cha mto Kilombero, kusini mwa mji wa Ifakara, mkoani Morogoro. Nitakizungumzia kivuko hicho sambamba na Kibaoni, kata ya Ifakara iliyo upande ambao msafiri wa barabara ya Kidatu huingilia mjini. Majina haya mawili, Kivukoni na Kibaoni, yamesimama katika ncha mbili za safari moja: moja limeelekea barabara na jingine limeelekea maji.

Hoja yangu ni kwamba pale ambapo bandari haikuacha mnara wala jengo la forodha, kumbukumbu yake huhifadhiwa katika maneno, na hasa katika majina ya mahali. Kivuko cha Kilombero kimekwisha kulipisha daraja. Kwa hiyo maneno hayo ndiyo sehemu ya bandari iliyobaki, na hapana budi yasomwe sasa, wakati wapo watu wanaoweza kutueleza yalivyotumika.

2. Bonde ligeukalo ziwa

Huenda msikilizaji akauliza ni kwa nini tuzungumzie bandari mahali pasipo na bahari wala ziwa. Jibu linapatikana katika jiografia ya bonde lenyewe. Bonde la Kilombero limelala kati ya safu ya milima ya Udzungwa, upande wa kaskazini-magharibi, na nyanda za juu za Mahenge, upande wa kusini-mashariki. Mito mingi huteremka kutoka pande zote mbili na kujimwaga katika mto mmoja mkuu. Mto huo nao huendelea hadi unapokutana na Luwegu, na kuanzia hapo maji hayo huitwa Rufiji.

Mto mkuu wa bonde una majina mawili, Kilombero na Ulanga, na majina yote mawili yamegeuka kuwa ya utawala. Wilaya ya Kilombero iko upande mmoja wa mto na wilaya ya Ulanga iko upande wa pili. Ni kana kwamba kila ukingo ulichukua jina lake na kuondoka nalo. Jambo hili si dogo kwa mwanafunzi wa majina, kwani linaonyesha kwamba mto huohuo uliotumika kuwa njia ulitumika pia kuwa mpaka.

Wakati wa masika, hasa kati ya Machi na Mei, mto huvuka kingo zake na tambarare kubwa hufunikwa na maji. Eneo oevu la bonde hili, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 7,967, liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsari ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa wiki kadhaa katika mwaka, basi, kati ya Ifakara na njia ya Mahenge hutokea kitu kinachofanana na ziwa. Ziwa hilo halimo ramanini, na kila kiangazi linapokauka watu hulima mpunga mahali ambapo mitumbwi ilipita.

Watu wa bonde walijenga maisha yao juu ya mzunguko huo. Wandamba wamejulikana tangu zamani kwa uvuvi, kwa uchongaji na uendeshaji wa mitumbwi, na kwa kilimo cha mpunga. Wapogoro wamekaa zaidi katika nyanda za Mahenge na miteremko yake. Wabena walikuwa na utawala wao katika sehemu ya juu ya bonde, na Wambunga waliweka makazi yao katika eneo la Ifakara baada ya misukosuko ya vita vya Wangoni katika nusu ya pili ya karne ya 19. Bandari tunayoizungumzia haikuwa mali ya kabila moja. Ilikuwa mahali pa kukutania, na kwa sababu hiyo ilihitaji lugha ya kukutania.

3. Maneno ya watumiaji na maneno ya watawala

Tukiikusanya msamiati wa bandari katika Kiswahili, tunakuta mafungu mawili yaliyo tofauti. Fungu la kwanza ni la maneno yaliyokuja na biashara ya bahari na utawala wake. Bandari na nahodha yametoka katika Kiajemi, forodha na mnara katika Kiarabu. Meli imetokana na neno la Kiingereza la barua, kwa kuwa meli zilizozoeleka mwanzoni zilikuwa zile zilizobeba barua. Na pantoni nayo ni ya Kiingereza. Fungu la pili ni la maneno yenye mizizi ya Kibantu, nayo hutaja tendo la mtu aliye majini: kuvuka, kuvusha, mvushaji, kivuko, mtumbwi, kafi, upondo.

Mgawanyiko huu una maana ya kihistoria. Maneno ya fungu la kwanza hutaja bandari kwa jicho la mwenye chombo kikubwa, mwenye mzigo wa kutozwa ushuru, au mwenye mamlaka. Maneno ya fungu la pili hutaja bandari kwa jicho la mtu anayetaka kufika ng'ambo. Katika miji ya pwani mafungu yote mawili yamechanganyika. Lakini Kilombero fungu la pili ndilo lililoacha alama katika ardhi. Jina lililosimama ukingoni mwa mto ni Kivukoni, yaani jina alilolitoa mtumiaji.

Neno kivuko lenyewe linastahili kuangaliwa kwa makini. Limeundwa kutokana na kitenzi vuka kwa kiambishi awali ki- na kiambishi tamati -o. Muundo huo huweza kutoa jina la kifaa, kama vile kifuniko na kizibo, na pia huweza kutoa jina la mahali, kama vile kituo. Kivuko kinabeba maana zote mbili. Ni mahali pa kuvukia, na ni chombo cha kuvushia. Tunaposema kwamba kivuko kimezama, hatuna shaka kwamba kilichozama ni chombo; tunaposema kwamba tumekutana kivukoni, hatuna shaka kwamba tulikutana mahali. Lugha imeviweka pamoja vitu viwili ambavyo katika maisha ya msafiri haviachani: mahali hapana faida bila chombo, na chombo hakina kazi bila mahali.

Kiambishi -ni nacho kina habari ya kutueleza. Katika lugha nyingi za Kibantu za bara, mahali huonyeshwa kwa viambishi awali vya pa-, ku- na mu- vinavyotangulia nomino. Kiswahili kimeacha utaratibu huo katika nomino na badala yake hutumia -ni mwishoni, ingawa ngeli zile tatu bado zinaishi katika upatanisho: Kivukoni pana watu, Kivukoni kuna watu, Kivukoni mna watu. Kwa hiyo, tunapokuta majina kama Kivukoni na Kibaoni katikati ya eneo la Kindamba, Kimbunga na Kipogoro, tunaona alama ya Kiswahili kama lugha ya njia. Majina hayo yalitolewa, au angalau yalishika, mahali ambapo watu wa lugha mbalimbali walilazimika kuelewana haraka kuhusu wapi pa kukutania na wapi pa kupitia.

Si Kilombero peke yake. Dar es Salaam ina Kivukoni yake, na chuo kilichoanzishwa hapo mwaka 1961 kilijulikana kwa miaka mingi kwa jina hilo. Mombasa ina Likoni, jina linalotokana na neno la zamani liko, ambalo katika lahaja nyingine ni diko, yaani mahali pa kutua vyombo. Katika ukanda wa Ziwa Viktoria wavuvi huzungumzia mwalo na mialo. Haya yote ni majina ya bandari yasiyotumia neno bandari. Mtafiti anayetafuta bandari kwa kufuata neno hilo peke yake atazikosa nyingi.

4. Mto kama njia na kama mpaka

Katika karne ya 19 bonde la Kilombero liliunganishwa na biashara ya misafara iliyotoka pwani. Pembe za ndovu zilipita, na mpunga wa bonde ukawa chakula cha misafara na bidhaa ya kuuzwa. Hapana shaka kwamba Kiswahili kilipata nafasi yake ya kwanza hapa katika mazingira hayo, yaani katika kupatana bei, kuomba njia na kuomba kuvushwa. Mto haukuwa na daraja. Aliyekuwa na mtumbwi alikuwa na uwezo ambao mkuu wa msafara mwenye bunduki nyingi hakuwa nao. Methali ya Kiswahili imeliweka jambo hili vizuri inapomwonya mtu asimtukane mamba kabla hajavuka mto.

Wajerumani walipoweka boma lao Mahenge, mto ulipata maana nyingine. Sasa ulitenganisha kituo cha jeshi na njia zake za msaada. Vita vya Majimaji vilipoenea, wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga waliishambulia boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti 1905. Msaada ulitoka Iringa chini ya Kapteni Ernst Nigmann, nao ulifika Septemba, baada ya kupita katika bonde hilihili. Ni vyema tukumbuke kwamba vita hivyo vilichukua jina la Kiswahili, na kwamba neno lililowaunganisha watu wa lugha mbalimbali lilikuwa maji. Katika nchi ambayo maji ya mafuriko huamua mwaka wa njaa na mwaka wa shibe, neno hilo halikuhitaji kufafanuliwa.

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mahenge ilikuwa tena ngome ya Wajerumani katika eneo hili, hadi ilipochukuliwa na majeshi ya Kibelgiji mwezi Oktoba 1917. Baada ya vita, utawala wa Waingereza uliikuta Ifakara ikikua kuwa kituo cha biashara ya mpunga upande wa kaskazini wa mto, huku Mahenge ikiendelea kuwa makao ya serikali upande wa kusini. Hali hiyo ndiyo iliyokipa kivuko uzito wake katika karne ya 20: soko lilikuwa ukingo mmoja na ofisi ukingo wa pili.

Huduma nyingine ziliongeza uzito huo. Wamisionari wa Kikapuchini kutoka Uswisi walifika katika nchi hii mwaka 1921, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikakua Ifakara. Mwaka 1957 ilianzishwa hapo maabara ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Kwa mkazi wa Minepa au Lupiro, vijiji vilivyo katika njia ya Mahenge, hospitali ya Ifakara ilikuwa karibu kwa kilomita na mbali kwa maji. Mama mjamzito aliyefikishwa ukingoni usiku alikuta kwamba umbali wa kweli haukuwa ule wa barabara. Ulikuwa ule wa kumngoja mvushaji.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliupitia upande wa kaskazini-magharibi wa bonde kwa vituo vya Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Reli hiyo iliifungulia Ifakara njia ya Dar es Salaam na Zambia, lakini haikuuvuka mto kuelekea Mahenge. Matokeo yake ni kwamba haikupunguza haja ya kivuko. Iliiongeza, kwa sababu sasa mkulima wa ng'ambo alikuwa na stesheni ya kuifikia.

5. Mnara na kibao

Sasa tuuangalie mnara. Neno hili limetokana na neno la Kiarabu manara, ambalo mzizi wake ni uleule wa nuru. Asili yake, basi, ni mahali pa mwanga. Katika Kiswahili maana imepanuka hata ikajumuisha mnara wa msikiti, mnara wa kumbukumbu, mnara wa saa, na siku hizi mnara wa simu. Tunapotaka kurejea maana ya asili tunalazimika kusema mnara wa taa, yaani kuirudia nuru ambayo neno lilikuwa nayo tangu mwanzo.

Minara ya taa ya pwani yetu ilikuwa pia alama ya mamlaka. Mjini Zanzibar mnara wa taa ulisimama mbele ya majumba ya Sultani, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Baadaye Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultan Barghash, liliongezewa mnara wa saa. Mnara huo nao uliporomoka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Katika kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji, mnara wa taa ulijengwa mwaka 1904. Mwenye mnara alimwambia nahodha mambo mawili kwa pamoja: hapa pana hatari, na hapa pana mwenyewe.

Mto Kilombero haukupata mnara kama huo. Lakini kazi ya mnara haikosekani mahali watu wanaposafiri. Hubadili umbo tu. Katika nchi kavu kazi hiyo hufanywa na kibao. Kibao ni ubao mdogo, na katika matumizi ya barabarani ni ubao ulioandikwa jina la mahali au mwelekeo. Mnara humwambia msafiri wa majini yuko wapi na aelekee wapi. Kibao humwambia hivyohivyo msafiri wa barabara. Tofauti yao ni kwamba mnara husomwa na yeyote mwenye macho, ilhali kibao kinahitaji mtu aliyejifunza kusoma.

Kibaoni ya Ifakara si ya pekee. Mkoani Katavi kipo kijiji cha Kibaoni, na nchini Kenya jina hilo lipo Kilifi. Wingi huu unatuonya tusikimbilie kumtafuta mtu mmoja au tukio moja lililozaa jina. Neno kibao lina maana kadhaa, zikiwamo za kigoda cha kukalia na kofi la usoni, na kila maana huweza kuzaa hadithi yake ya asili ya jina. Lakini jina linapojirudia katika nchi mbalimbali kando ya barabara, maana ya alama ya njia ndiyo iliyo na nguvu zaidi. Kibaoni ni jina la zama za barabara na maandishi. Kivukoni ni jina ambalo halihitaji maandishi wala barabara; linahitaji maji na mtu wa kuyavuka. Yakisomwa pamoja, majina haya mawili yanatupa mfuatano wa historia ya usafiri wa bonde bila kufungua jalada lolote.

6. Bandari ihamapo, jina hubaki

Ili tuone thamani ya ushahidi wa aina hii, tulinganishe na bandari ya ziwa iliyoandikwa sana. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 na kuikuta ikiwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Stanley alikutana na Livingstone hapohapo mwaka 1871. Baada ya hapo, maji ya ziwa yalipopata njia ya kutokea kwa mto Lukuga, kina kilishuka na ufuko ukasogea mbali na mji. Wajerumani walipofikisha reli ya kati mwaka 1914, hawakuifikisha Ujiji. Waliifikisha Kigoma, yenye ghuba ya maji ya kina. Huko ndiko ilikoundwa meli ya Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na kurejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Kutokana na mfano huo tunaona kwamba bandari si mahali pasipotikisika. Maji yakisogea, bandari husogea. Reli ikija, bandari huifuata reli. Ujiji ilibaki na jina na Kigoma ikachukua kazi. Lakini Ujiji ilikuwa na bahati moja kubwa. Ilikuwa imekwisha kuandikwa na wageni, ikajengewa kumbukumbu, na mwanafunzi wa leo huweza kuisoma hata akiwa mbali nayo. Kivuko cha Kilombero hakikupata Stanley wake. Hakikupata pia meli ambayo watu wa Ulaya wangeandika vitabu juu yake. Kama tukisubiri maandishi ya aina hiyo ndipo tukiri kwamba hapa palikuwa na historia, tutasubiri bure.

7. Kutoka pantoni hadi daraja

Katika zama za magari, mtumbwi haukutosha. Chombo cha bapa cha kubebea magari kiliingia, na pamoja nacho neno pantoni. Inafaa kutambua kwamba neno pantoni halikulifuta neno kivuko. Pantoni lilitaja umbo la chombo. Kivuko kiliendelea kutaja kazi yake. Leo pantoni linasikika zaidi kwa wazee, na serikali yenyewe, katika vyombo vyake vya kuvushia abiria na magari, imerudi katika neno la Kibantu.

Vyombo hivyo viliokoa muda na maisha, na pia viliyahatarisha. Historia ya vivuko na meli za Afrika Mashariki haiwezi kusimuliwa bila kutaja maafa. Mwezi Aprili 1994 kivuko cha MV Mtongwe kilizama Mombasa. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996 na kuchukua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kufika Ukara, wakafa watu 228. Kilombero nayo haikusalimika: mwezi Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama mtoni wakati wa dhoruba, kikiwa na abiria na magari.

Wakati huo daraja lilikuwa tayari linajengwa. Daraja hilo, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa na Rais John Magufuli mwezi Mei 2018 na likapewa jina lake. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka Ifakara hadi Mahenge usiku au mchana, masika au kiangazi, bila kumwita mtu ng'ambo. Hakuna mwenye busara atakayesikitika kwa hilo. Mgonjwa haponi kwa sababu jina la mahali ni zuri.

Lakini mwanaisimu anaona jambo jingine. Madaraja makubwa yaliyochukua nafasi ya vivuko au kuvipunguzia kazi nchini Tanzania yamepewa majina ya marais. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lenye mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Daraja la Nyerere, lenye mita 680, liliunganisha Kurasini na Kigamboni mwaka 2016. Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi katika Ziwa Viktoria, lilifunguliwa Juni 2025. Majina haya hutolewa kwa tangazo na siku yake hujulikana. Jina la Kivukoni halikutangazwa na mtu yeyote, na hakuna jiwe la msingi linaloonyesha lilipoanza. Hata hivyo watu wengi wa Dar es Salaam huendelea kusema Daraja la Kigamboni, kwa maana katika mazungumzo ya kila siku jina la mahali lina mizizi mirefu kuliko jina la heshima.

Swali lililo mbele yetu, basi, ni hili: mtoto aliyezaliwa karibu na Kivukoni baada ya daraja ataelewa nini kutokana na jina hilo? Ataona daraja, na jina litamwambia kivuko. Asipofundishwa, atadhani kwamba jina ni sauti tupu, kama wengi wetu tunavyodhani kuhusu Likoni.

8. Hitimisho: kazi iliyo mbele yetu

Nimejaribu kuonyesha kwamba kivuko cha Kilombero kilikuwa bandari kwa maana kamili ya neno hilo. Kilikuwa mlango wa bidhaa, mpaka wa utawala, njia ya majeshi, na mahali ambapo uhai wa mgonjwa uliamuliwa. Nimeonyesha pia kwamba historia hiyo inaweza kusomwa kwa zana za taaluma yetu: uundaji wa nomino, viambishi vya mahali, maneno ya mkopo na majina ya mahali. Mwanahistoria anazihitaji zana hizi kama vile mwanaisimu anavyozihitaji tarehe za mwanahistoria.

Kwa wanafunzi waliomo ukumbini, hasa wale wanaotoka Ifakara, Mahenge na Malinyi, kazi iko wazi. Kwanza, yakusanywe maneno ya wavushaji na wavuvi: majina ya sehemu za mtumbwi, ya aina za maji na mikondo, ya nyakati za mafuriko, na wito uliotumika kumwita mvushaji kutoka ng'ambo. Yakusanywe katika Kindamba, Kipogoro na Kimbunga pamoja na Kiswahili, ili tuone lugha ipi ilimpa nani nini. Pili, yaorodheshwe majina ya mahali ya kingo zote mbili pamoja na masimulizi ya asili yake, huku tukitofautisha simulizi na ushahidi wa umbo la neno. Tatu, wahojiwe watu waliofanya kazi katika vivuko, kwani maarifa yao hayamo katika vitabu vya mamlaka yoyote. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji daftari, subira, na heshima kwa wazee wetu.

Kamusi zetu zimeyahifadhi vizuri maneno ya nahodha. Bado zinamdai mvushaji maneno yake, na muda wa kuyapata ni mfupi, kwa sababu tangu daraja lilipofunguliwa hakuna kijana anayejifunza kazi ile. Anayetaka kuanza utafiti huo anaweza kuanzia Kibaoni, asome kibao, kisha ashuke kusini hadi mtoni na kuuliza ni nani hapo zamani alikuwa akivusha watu.